Kasa: yanayosemwa barazani na yaliyo kweli

"Nyama ya kasa ikiiva vizuri haina neno." Kati ya dhana zote kuhusu kasa, yaani kobe wa baharini, hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa kuwa inaua. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Wengine 78 walilazwa. Novemba 2021 watu 7 walikuwa wameshafariki hukohuko Pemba kwa sababu hiyohiyo. Sumu yake, ambayo watafiti wanadhani inatokana na mwani na viumbe anaokula kasa, haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Dawa ya kuiua haijapatikana. Daktari anachoweza ni kutibu dalili tu. Na mama anayenyonyesha huweza kumpitishia mwanawe sumu hiyo kwenye maziwa.

"Mbona mababu walikula na hawakufa?" Ni kweli, wengi walikula wakasalimika, na hapo ndipo penye hatari. Si kila kasa ana sumu, na aliye nayo hana alama: hanuki, hadhoofu, nyama yake haibadiliki rangi wala ladha. Mtu aliyekula mwaka jana akaamka salama anapikia familia yake tena kwa imani, na sufuria ya safari hii ndiyo yenye msiba. Nawaomba wazazi wa visiwani, msimpe mtoto hata kipande cha kuonja.

"Anataga mayai mengi, hawezi kwisha." Jike hufukia mayai mia moja na zaidi katika kiota kimoja, na hurudi kutaga mara kadhaa kwa msimu. Lakini hatagi kila mwaka, na watoto wake wengi huliwa na kaa, ndege na samaki wakiwa bado wadogo sana. Anayenusurika huchukua miaka 20 hadi 30, au zaidi, kabla ya kutaga yeye mwenyewe. Anayemchinja jike aliyepanda ufukweni anaua na viota vyote ambavyo angevifukia baadaye. Tena ni kosa la jinai, Tanzania na Kenya.

"Kasa hulia kwa uchungu akitaga." Yale machozi yanayomtoka si ya uchungu. Ni tezi zilizo karibu na macho zinazotoa chumvi ya ziada mwilini.

"Mnyama wa baharini hawezi kufa maji." Kasa anavuta hewa kwa mapafu. Akinaswa kwenye jarife, wavu wa matundu makubwa, lililolazwa usiku kucha, asipoweza kupanda juu kupumua, hufa maji. Mvuvi hakumkusudia, na kumtukana mvuvi hakumwokoi kasa. Watamu, Kenya, wamefanya la maana: mvuvi aliyemnasa hupiga simu, kasa hupimwa, huvishwa kibati cha namba kwenye pezi, kisha hurudishwa baharini, na mvuvi hupewa fidia kidogo kwa usumbufu wake.

"Taa za ufukweni huwaonyesha watoto wa kasa njia." Huwapoteza. Wakitoka mchangani usiku huelekea kwenye mwanga mkubwa, ambao kwa kawaida ni upande wa bahari. Taa ya hoteli ikiuzidi, hugeuka kuelekea nchi kavu, na jua la asubuhi huwamaliza. Wenye hoteli na nyumba za ufukweni wazime taa zinazotazama bahari msimu wa kuanguliwa, au wazikinge zimulike chini tu.