Mtandao ukikatika hujafeli: mitihani ya sheria inayofanywa nyumbani na hofu za watu wa Kigoma

Juzi kaniingilia ofisini kijana mwingine, wa nne tangu mwezi uanze, laptopu kwapani, uso kama wa mshtakiwa anayesubiri hukumu. Anasoma sheria kwa masafa. Chuo kiko Uingereza, yeye yuko Katubuka. Hata salamu hatujamaliza: "Kaka, bando likikata katikati ya mtihani, si ndiyo nimedisko, nimefukuzwa chuo?"

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mwanga, Kigoma mjini. Sheria siijui, ila mashine za wanaosoma sheria nazijua, kwa sababu kila msimu wa mitihani zinapita mikononi mwangu. Swali la huyu kijana nimelijibu hadi mdomo umechoka. Naliandika sasa, atakayekuja tena nitampa asome huku nikinywa chai yangu.

Kwanza tuweke mpaka. Nazungumzia mitihani ya vyuo na bodi za nje inayoruhusiwa kufanywa nyumbani. Law School ya Dar es Salaam, wanakopita wanaotaka uwakili wa Tanzania, ni ya kukaa ukumbini, na aliye Chuo Kikuu Huria anakwenda kituo cha mkoa kama kawaida. Ukisikia mtu anakuahidi uwakili wa Tanzania kwa mtihani wa sebuleni Ujiji, shika pochi yako.

Sasa hiyo "mtandao ukikatika nimefeli". Wenye dhana hii hawajawahi kuuliza programu yao ni ya aina gani, na hapo ndipo ninapokasirika, maana maelekezo wanatumiwa kwa barua pepe wiki kadhaa kabla na hawafungui. Programu ziko za aina mbili. Ya kwanza inakushushia mtihani mapema, siku chache kabla, ukiwa umefungwa kwa nenosiri. Siku yenyewe unapewa nenosiri, unafungua, na programu inazima intaneti yenyewe, kwa makusudi, usije ukatafuta majibu. Kamera inakurekodi na video inakaa ndani ya mashine. Majibu nayo yanahifadhiwa humo humo kila baada ya muda mfupi. Ukishamaliza ndipo unarudisha mtandao na kupandisha kila kitu. Maelfu ya watahiniwa wa uwakili Marekani walifanya hivyo Oktoba 2020, wakati wa korona. Kwa aina hii, mnara wa Kigoma nzima unaweza kulala na wewe usijue.

Aina ya pili ina msimamizi anayekutazama moja kwa moja, na hiyo kweli inataka mtandao muda wote. Hata hapo, kukatika siyo kufeli. Unaingia tena, msimamizi anakurudisha ulipoishia, na tukio linaandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Kinachotofautiana ni saa: kwingine inasimama, kwingine inaendelea kutembea. Hilo limo kwenye kanuni zao, na ni la kusoma kabla, siyo la kuniuliza mimi kwa simu asubuhi ya mtihani.

Ngoja niwape kisa. Dada mmoja wa Bangwe alikuwa na programu ya aina ya kwanza. Nilimwandalia mashine mwenyewe, nikamweleza. Dakika ya ishirini akaona kialama cha mtandao kimezimika. Kilizimwa na programu, kama nilivyomwambia, lakini hofu ilishamshika. Akanyanyuka na laptopu mikononi kama sinia la pilau, akatoka uani kutafuta mnara. Kamera inarekodi. Imerekodi mwembe, imerekodi kuku, imerekodi jirani anauliza, "Vipi dada, umepoteza nini?" na yeye anamjibu. Akarudi ndani, akamaliza mtihani vizuri tu. Halafu ikaja barua ya kumtaka aeleze kwa nini alitoka chumbani na alikuwa anaongea na nani. Tuliandika maelezo wote wawili, kurasa mbili, kuhusu mwembe na jirani. Walimwelewa, lakini matokeo yake yalikaa wiki nyingi wakati wenzake wameshapokea. Mtandao haukumfanya kitu. Kilichomponza ni miguu.

Na yakiharibika kweli kwa upande wao, hawakuachi. Julai 2020 watahiniwa wa uwakili wa jimbo la Michigan, Marekani, walishindwa kufungua sehemu ya pili ya mtihani kwa sababu mfumo ulielemewa, waliongezewa muda. Februari 2025 California ilikuwa balaa zaidi, mifumo ikaganda na kuwatoa watu nje, hadi Mahakama ya Juu ya jimbo ikaridhia alama ya kufaulia ishushwe, na mtihani wa Julai ukarudi kumbini. Lakini anayedai haki awe na ushahidi: saa ngapi ilikatika, ujumbe gani ulitokea, nani uliwasiliana naye. Mwanafunzi wa sheria nimfundishe mimi umuhimu wa ushahidi? Weka karatasi mezani kama inaruhusiwa, andika. Kama hairuhusiwi, sema kwa sauti mbele ya kamera: "Sasa ni saa sita na dakika kumi, skrini imeganda." Video itakutetea.

Halafu kuna ujanja wa kutumia simu kugawa intaneti. Kila mtu anadhani ameugundua yeye. Simu ndicho kitu cha kwanza msimamizi anachotaka kitoke chumbani. Na hata ikiruhusiwa kukaa pembeni, shangazi akipiga kutoka Kasulu kukujulisha harusi, kwenye simu na laini nyingi za kwetu data inasita hapo hapo. Nunua modemu, au azima. Weka laini ya mtandao mmoja, na laini ya mtandao mwingine iwe tayari. Umeme nao usiuachie Mungu peke yake: luku ijazwe jana yake, na betri ya laptopu uijaribu kwa kuchomoa waya na kuandika kweli, siyo kwa kutazama asilimia zilizoandikwa pale pembeni. Zile asilimia za mashine kuukuu ni ahadi za mwanasiasa.

Lingine linaloniudhi, ingawa halizungumzwi sana, ni saa. Watu wanasema "saa ni saa". Siyo. Ratiba imeandikwa 10:00, saa za London. Mswahili akiona kumi anasoma saa kumi, anapanga kuanza jioni baada ya swala ya alasiri. Kumi ya London ni saa nne yao ya asubuhi. Kwetu, mwezi Mei, ni saa sita mchana. Ukiwa mtihani wa Januari ni saa saba, kwa kuwa wao wanarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na sisi hatugusi saa zetu. Huyo wa saa kumi jioni anakuta mlango umefungwa zamani. Hakuna mtandao uliokatika hapo wa kusingizia.

"Kamera ikikushuku, basi." Hapana. Mashine inaweka alama tu, binadamu ndiye anayeamua. California, kwa mtihani wa Oktoba 2020, video zaidi ya 3,000 ziliwekewa alama, karibu theluthi ya watahiniwa wote, na wengi sana wakasafishwa baada ya kuangaliwa. Mashine hushuku anayetazama pembeni muda mrefu, na hushuku wanaosoma swali huku midomo inatembea, tabia ambayo wasoma sheria wote mnayo, mjifunze kuiacha. Hili la weusi wetu, hata hivyo, ni kweli siyo dhana: wapo watahiniwa wenye ngozi nyeusi Marekani walioambiwa na programu kwamba chumba hakina mwanga, wakalazimika kujimulika taa usoni mtihani mzima. Kwa Kigoma tatizo linaongezwa na ziwa. Nyumba nyingi za mteremkoni dirisha linatazama magharibi, na kuanzia alasiri jua la Tanganyika linaingia ndani lote. Ukikaa umeligeuzia mgongo dirisha hilo, kamera inaona kivuli chenye masikio. Geuza meza, mwanga uje usoni.

Kuhusu msalani: inategemea. Agosti 2020 waliokuwa wanatafuta ubarista, yaani uwakili wa mahakamani wa Uingereza, wakiwa nyumbani walikatazwa kutoka mbele ya kamera, na wengine wakajisaidia kwenye chupa na ndoo hapo hapo walipokaa. Habari hizo ndizo mnazotumiana kwenye makundi. Kelele zilikuwa kubwa, na siyo kila bodi iko hivyo. Soma kanuni za mtihani wako, na chai iwe kikombe kimoja.

"Mtihani wa kitabu wazi, ule wa kuruhusiwa kufungua vitabu, ni mteremko." Nenda kaulize waliopata sapu, wakarudia mtihani. Ukiwa na desa, yaani notisi, la kurasa mia nne na saa tatu, muda wote utaishia kufunua karatasi.

Jina kwenye usajili lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Juma bin fulani huku na Jumaa kule, utabaki unabishana na mtu asiyejua Kigoma iko wapi.

Yule kijana wa Katubuka nilimwambia aache habari za bando, achomoe waya, aandike insha yoyote pale pale mezani kwangu mpaka mashine izime. Skrini ilikuwa inasema betri ina saa tatu na nusu. Ilizima dakika ya 38. Amekwenda kutafuta betri.