Kutoka Tegeta hadi Posta, gari lako linakula shilingi ngapi?

Ukimuuliza mtu anayeendesha gari lake kila siku kutoka Tegeta hadi Posta, jijini Dar es Salaam, kwamba safari hiyo inamgharimu kiasi gani, atakutajia mafuta. "Kama elfu kumi na tano hivi." Mimi ni mhasibu, na kwa miaka mingi nimesimamia hesabu za magari ya kampuni: mafuta, matengenezo, bima, uchakavu, mpaka siku gari linapouzwa. Jibu hilo likiletwa kwenye meza yangu ningelirudisha, kwa sababu mafuta hayafiki hata nusu ya gharama. Naandika haya kwa kirefu kwa kuwa naona watu wenye mishahara mizuri wanakwama tarehe 15 hawajui hela imekwenda wapi, kumbe imekwenda barabarani.

Tuchukue gari moja tulipigie hesabu. Ni Toyota IST ya cc 1500, imenunuliwa kwa milioni 16. Kutoka Tegeta hadi Posta ni kama kilomita 25, kwenda na kurudi 50. Mwezi una siku 22 za kazi, kwa hiyo ni kilomita 1,100. Petroli nitaiweka shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka bei kikomo ya mwezi huu, ile inayotangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei nyingine nitakazotumia ni makadirio ninayofanyia kazi. Zako zikiwa tofauti, badilisha tarakimu, njia ni ileile.

Nianze na mafuta, maana hata hayo wengi hawayajui sawasawa. Tatizo ni namna tunavyonunua. Tunafika sheli tunasema "weka ya elfu ishirini", mhudumu anaweka, tunaondoka. Ukinunua kwa shilingi hujui umepata lita ngapi, na bei ikipanda huoni kitu zaidi ya taa ya mafuta kuwaka mapema. Madereva wetu wa kampuni hawaruhusiwi kuandika shilingi peke yake. Lazima waandike lita na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Nawe fanya hivyo. Jaza tenki mpaka nozeli ijikate yenyewe, rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, endesha wiki nzima kama ilivyo kawaida yako, kisha jaza tena mpaka nozeli ijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. IST hiyo hiyo inayokwenda kilomita 15 au 16 kwa lita kwenye barabara ya Dodoma, kwenye foleni ya Mwenge na Morocco huku AC inapuliza, naikadiria 10 tu. Kilomita 50 ni lita 5, sawa na 15,000. Kwa upande wa mafuta, yule jamaa alisema kweli.

(Na ile tabia ya kutembea taa ikiwaka wiki nzima, iache. Kwenye magari haya pampu ya mafuta imo ndani ya tenki, na inapoozwa na mafuta yenyewe. Anayebana elfu kumi leo anaweza kununua pampu kesho.)

Zinazofuata ni gharama ambazo hulipi leo, lakini umezitumia leo. Kumwaga oili kila kilomita 5,000, pamoja na filta na ufundi, nakadiria 150,000. Hiyo ni shilingi 30 kwa kila kilomita, au 1,500 kwa siku. Tairi nne za 600,000 zikidumu kilomita 40,000 ni shilingi 15 kwa kilomita, yaani 750 kwa siku. Halafu kuna pedi za breki, bushi, shokapu, plagi, betri, oili ya giaboksi. Hizi haziji kwa ratiba, zinakuja kwa mkupuo, ndiyo maana zinaumiza. Mimi hutenga shilingi 40 kwa kilomita, sawa na 2,000 kwa siku. Ukijumlisha na mafuta unapata 19,250 kwa siku, au shilingi 385 kwa kilomita. Namba hiyo ya 385 iandike mahali, tutaihitaji.

Hapa kwenye matengenezo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo foleni inapotudanganya kuliko mahali pengine popote.

Odometa inahesabu kilomita, haihesabu saa. Gari likisimama dakika ishirini kwenye taa za Morocco, odometa haisogei hata mita moja, lakini injini inazunguka, oili inachemka, feni ya rejeta inafanya kazi, na AC ikiwa imewashwa petroli inayoungua inaweza kukaribia lita moja kwa saa. Jenereta na magreda tunayapangia sevisi kwa saa za injini kwa sababu hiyo hiyo. Sasa lipigie gari lako hesabu ya saa. Ukitumia saa moja na nusu asubuhi na saa moja na nusu jioni, kilomita 50 zimekula saa tatu za injini. Mpaka ufikishe kilomita 5,000, injini imefanya kazi saa 300. Mwenzako anayesafiri mikoani kwa wastani wa kilomita 75 kwa saa atafikisha kilomita hizo hizo kwa saa 67 tu. Odometa zenu zinasoma sawa, lakini oili yako imefanya kazi zaidi ya mara nne ya oili yake.

Kwa hiyo nawapinga wazi wanaosogeza oili mpaka kilomita 8,000 au 10,000 kwa madai kwamba "bado haijawa nyeusi". Vitabu vingi vya watengenezaji hutenganisha matumizi ya kawaida na matumizi magumu, na foleni ya simama-nenda imewekwa upande wa magumu. Vivyo hivyo kwa kipoza injini (coolant). Gari likiwa mwendoni upepo unasaidia rejeta. Kwenye foleni inabaki feni peke yake, tena kwenye joto letu la Februari. Aliyejaza maji ya bomba badala ya kimiminika chake anakaribisha kutu taratibu, na injini ikichemka ikaunguza gasketi ya silinda hedi, bili ya fundi itafuta kila alichobana kwa mwaka mzima.

Maegesho na kuosha gari nitapita haraka. Weka 3,000 ya maegesho kwa siku, na 5,000 ya kuosha mara moja kwa wiki, yaani 1,000 kwa siku. Jumla yetu sasa ni 23,250 kwa kila siku unayokwenda kazini na gari.

Mpaka hapo ni gharama zinazotokea kwa sababu gari limetembea. Kuna kundi la pili, nalo linahesabu kalenda: gari liende, lilale, linakula tu. Bima ni mojawapo. Bima ndogo ya gari binafsi, ile inayofidia watu wengine tu, ni 118,000 kwa mwaka, VAT ikiwemo. Bima kubwa, inayofidia na gari lako mwenyewe, kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5 ya thamani, gari la milioni 16 linalipa 560,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 unafika 660,800. Gawanya kwa siku 264 za kazi za mwaka: 2,500 kwa siku.

Uchakavu ndio mgumu kuaminika, kwa kuwa hakuna anayekuja kuudai. Tuseme baada ya miaka mitano utaliuza gari kwa milioni 10. Milioni 6 zimeyeyuka, sawa na laki moja kwa mwezi, au kama 4,550 kwa siku ya kazi. Watu hunibishia kwamba magari ya Kitanzania hayashuki bei. Kweli yanashuka polepole, maana ushuru wa kuingiza gari lililotumika ni mzito, na lililozidi umri huongezewa ushuru wa bidhaa, hivyo IST iliyokwishaingia nchini hubaki na soko. Lakini shilingi utakayopokea miaka mitano ijayo haitanunua kile inachonunua leo.

Na milioni 16 zenyewe zingekuwa wapi? Hapa wengi hukunja uso, ila mhasibu hawezi kunyamaza. Zingekuwa kwenye hati fungani za Serikali au kwenye mfuko wa uwekezaji, na nikichukua asilimia 10 tu kwa mwaka, zingezaa milioni 1.6. Kwa siku ya kazi hiyo ni kama 6,060 unayoikosa.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari siitaji, kwa sababu ilifutwa na bajeti ya 2017/18, na badala yake ushuru wa mafuta ukapandishwa kwa shilingi 40 kwa lita. Wengi walifurahia kuondokana na usumbufu, nami nilikuwa miongoni mwao, lakini kihesabu lilikuwa badiliko kubwa: gharama ya kalenda iligeuzwa kuwa gharama ya lita. Anayetumia gari Jumapili tu alipata nafuu. Wa Tegeta, kwa lita 5 kila siku ya kazi, anachangia 52,800 kwa mwaka kwa hizo shilingi 40, na nyingine kati ya hizo anazilipa akiwa amesimama kwenye foleni.

Jumla ya yote ni kama 36,360 kwa siku, karibu laki nane kwa mwezi. Mafuta ni 330,000 tu kati ya hizo.

Usikimbilie kuuza gari kwa sababu ya laki nane, maana kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: nikiliacha gari nyumbani leo, ninaokoa nini? Jibu ni 23,250, kasoro nauli. Bima haitarudishwa kwa siku uliyopanda daladala. Nauli ya daladala kwa njia hiyo, hata ukiunganisha mbili kila upande, haifiki 5,000 kwa siku, kwa hiyo unaokoa zaidi ya 18,000; anayehesabu mafuta peke yake anadhani anaokoa 10,000. Swali la pili: nikikosa gari kabisa? Hapo ndipo laki nane inapoingia, na hata hapo si yote ni ya kazini. Kama gari hilo linapeleka watoto shule, linakwenda kanisani au msikitini na linakimbiza mgonjwa usiku, sehemu ya gharama za kalenda ni ya familia, na ni haki kuikata kwenye hesabu ya kazi.

Hesabu hii inasaidia pia kwenye lifti. Wenzako watatu wa mtaani wanapochangia "mafuta", mnagawana 15,000 kwa wanne, kila mmoja 3,750, na mwenye gari anabaki na tairi, oili na maegesho peke yake. Ndiyo maana lifti nyingi huvunjika baada ya miezi michache bila ugomvi wowote: mwenye gari anachoka, asijue kwa nini. Gawaneni 23,250, kila mmoja atoe kama 5,800, na elezaneni mapema. Mpaka ni mmoja tu: kuchangiana gharama na majirani ni jambo moja, kupakia abiria kwa nauli ni jingine, na bima ya gari binafsi haikukatwa kwa biashara hiyo.

Sasa irudie ile 385. Kila kilomita moja inayotenganisha nyumba yako na kazi unaipita mara mbili kwa siku, siku 22: shilingi 16,940 kwa mwezi. Kutoka Mwenge hadi Posta ni kama kilomita 10, pungufu ya Tegeta kwa 15. Dalali akikuonyesha nyumba ya Mwenge ambayo kodi yake inazidi ya Tegeta kwa laki mbili na nusu, gari litakurudishia 254,100, na masaa ya foleni utakayookoa bado sijayawekea bei.