VVU hubadilika, lakini dawa zinafanya kazi

Ujumbe unaorudi kila mara kwenye magurupu ya Unguja na Pemba unasema VVU hujigeuza mwilini kila siku, kwa hiyo dawa ni kazi bure. Nusu yake ni kweli. Virusi hukosea sana vinapojinakili, ndiyo maana mtu mmoja hubeba aina nyingi zinazotofautiana kidogo. Lakini mabadiliko huzaliwa katika kujinakili huko, na dawa, mara nyingi tatu ndani ya kidonge kimoja, huzuia kujinakili huko. Usugu, yaani virusi kutosikia dawa, hujitokeza zaidi dozi zinaporukwa; watu humwona mwenzao kabadilishiwa dawa, wakadhani zote zimeshindwa. Kipimo cha wingi wa virusi kliniki huonesha kama dawa inafanya kazi. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo: yuko mgonjwa Wete au Mkoani anayeweza kuacha vidonge kwa kuusoma.