Maziwa hayajakataa

Jana tena. Mzazi wa siku ya tatu, machozi yanadondokea kanga, mama mkwe pembeni kashika chupa ya maji ya glukosi. "Nesi, huyu hana maziwa. Mimi nimenyonyesha saba na sikuwahi kulia." Nikameza mate.

Eti mama aliyekamilika maziwa humtiririka tangu siku ya kwanza, huku anatabasamu. Nani huyo? Wodini kwangu hajawahi kulala.

Siku ya kwanza ni dang'a tu, yale maziwa ya mwanzo mazito ya njano, na mtoto anameza kijiko kimoja au viwili vya chai kila akinyonya. Kinamtosha. Maziwa mengi huja baada ya kondo kutoka na homoni kushuka, na hilo huchukua siku mbili hadi nne. Uzazi wa kwanza au upasuaji, pengine zaidi.

Sasa hili la kilio cha mtoto, maana ndilo linalonimaliza. Kilio si kipimo cha maziwa! Mtoto hulia kwa joto, kwa kutaka kupakatwa, au kwa jambo analolijua mwenyewe. Mimi naangalia nepi: kuanzia siku ya tano, ziloe sita au zaidi kwa siku, na choo kiwe kimetoka kwenye weusi kuwa cha njano. Naangalia na mizani. Kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Wiki mbili zisipite hajarudisha uzito wa kuzaliwa. Ukimpa glukosi anashiba maji, ananyonya kidogo, titi nalo linapunguza kutengeneza. Wiki ikiisha maziwa ni haba kweli, na bibi anasema, "Si niliwaambia?"

Machozi ya siku ya tatu nayo ni homoni pamoja na usingizi uliokosekana. Yakipita wiki mbili, au mama akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, mleteni mara moja. Hiyo huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni kali, msiite kukosa shukrani.

Supu ya pweza na mtori? Kama vinaongeza maziwa, sina ushahidi. Ila navila.

Na nikiri: wapo ambao maziwa hayatoshi kweli, hasa waliovuja damu nyingi au ambao matiti hayakukua kabisa wakati wa ujauzito. Mmoja nilimwambia "nyonyesha tu, yatakuja". Siku ya saba mizani ikanisuta. Tangu hapo nampima mtoto kwanza, ndipo nafungua mdomo.

Huyu wa jana nilimshikisha mtoto titi upya, mdomo wazi, kidevu kimegusa. Akanyonya. Nikamuuliza mama mkwe, "Mama, zamani zile nani alikuwa anakupikia?"

"Mama yangu na dada zangu wawili. Siku arobaini sikugusa hata ndoo."

Mkwewe anakaa chumba cha kupanga, na mume hurudi saa nne usiku.