Kubanwa si Kuzuiwa: Ganda la Yai na Mpangilio wa Seli

Katika masomo ya jioni tunayoyaendesha hapa Unguja, nimesoma tena, na sasa ni mara nyingi mno, kwamba ganda la yai "huzizuia" seli za kiinitete. Kubanwa, katika elimu ya viumbe, ni hali ya seli kugawanyika ndani ya mipaka ambayo umbo lake hushiriki kuamua kila seli ikae wapi. Maana haina zaidi ya hayo. Linalonisumbua ni kitenzi.

Kuzuia ni kukomesha. Kubana hakukomeshi mwendo, bali hupunguza pande za kuendea, na jamaa za neno hili zinashuhudia: kibanio huzishika nywele zikae upande utakiwao, na banio la mfereji halikaushi maji bali huyaelekeza kondeni, kama ajuavyo kila aliyemwagilia mpunga katika bonde la Cheju. Hata asemaye "nimebanwa na kazi" hajasimama. Anakwenda, ila hana pa kugeukia.

Mnyoo Caenorhabditis elegans anauonyesha ukweli huu waziwazi. Yai lake, lenye urefu wa maikromita 50 hivi na upana wa 30, huwa na seli mbili, kisha nne. Ile ya mbele huanza kugawanyika kwa kuukabili upana wa yai, lakini kwa kuwa upana hautoshi, seli binti mbili husukumwa mshazari, moja mbele na nyingine nyuma, na zote nne, pamoja na binti wawili wa seli ya nyuma, zikakaa mfano wa kishada wanachorusha watoto. Ganda likiwa refu kupita kawaida, seli zaweza kujipanga kwa mstari au kwa umbo la herufi T.

Kukaa huko kuna uzito, kwani binti aliyesukumwa nyuma hugusana na seli iliyo nyuma kabisa na kupokea ishara kutoka kwake, ambayo ndugu yake haipati. Mwaka 1987 watafiti James Priess na Nichol Thomson waliwabadilishia mahali ndugu hao wawili, na kiinitete kikaendelea kukua sawasawa: kila mmoja alishika kazi ya mahali alipowekwa.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeeleza kazi hii ya ganda asiandike kwamba limezizuia seli. Aandike kwamba limezibana, na neno la pili liwe "zikaelekea", kisha ataje upande.