Timu ya Tiba kwa Mgonjwa wa Unene Uliopitiliza Asiyefanyiwa Upasuaji

Timu ya tiba, katika matibabu ya unene uliopitiliza yasiyohusisha upasuaji, ni wataalamu wa fani tofauti wanaomhudumia mgonjwa mmoja kwa mpango mmoja waliouandaa pamoja naye. Kwa kawaida wamo daktari, muuguzi, mtaalamu wa lishe, mwanasaikolojia na mtaalamu wa mazoezi. Msingi wa dhana hii ni huo mpango mmoja. Mgonjwa anayezungushwa vyumba vitano, kila mmoja akimpa maelekezo yasiyojulikana kwa wengine, ameonwa na wataalamu watano lakini bado hajapata timu.

Hatari ya kutowasiliana si ndogo. Mgonjwa mwenye kisukari anayetumia insulini akipunguziwa wanga na mtaalamu wa lishe, huku dozi yake ikibaki ileile kwa kuwa daktari hakuarifiwa, sukari yake inaweza kushuka ghafla hadi akapoteza fahamu. Dozi za dawa za shinikizo la damu nazo huhitaji kupangwa upya kadiri uzito unavyopungua.

Hata pale panapotumika kifaa, timu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi. Chukua mfano wa puto la tumboni, huduma inayotolewa Tanzania katika Hospitali ya Muhimbili Mloganzila: huingizwa kwa njia ya mdomo, hujazwa tumboni ili mtu ashibe mapema, na aina nyingi hutolewa baada ya miezi 6 hivi. Likishatoka, njaa hurudi, na kinachobaki ni yale aliyojifunza mgonjwa katika miezi hiyo kuhusu kiasi cha ugali, vinywaji vyenye sukari na kutembea kila siku.

Ushahidi kwamba usimamizi wa karibu una nguvu ulipatikana Marekani, katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa mwaka 2002. Kundi moja la watu waliokuwa katika hatari ya kupata ugonjwa huo lilipewa washauri, masomo 16 ya mwanzo, lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa, idadi ya waliougua ilipungua kwa asilimia 58, ilhali kwa kundi lililotumia metformini, dawa ya kisukari, ilipungua kwa asilimia 31.

Kwa maoni yangu, anayepuuzwa zaidi kwetu ni mwanasaikolojia. Unene bado huitwa kunawiri, na anayepungua huulizwa anaumwa nini, au hunong'onwa kuwa ana virusi, hata akaona heri arudie mwili wake wa zamani. Mwanasaikolojia humwandaa kwa maneno hayo kabla hayajamfika, na timu makini humwalika kliniki hata yule anayepika nyumbani, kwa sababu chungu ni kimoja na mgonjwa hapikiwi peke yake.