Maua Tele, Asali Hakuna: Anza na Kalenda Kabla ya Kulaumu Mzinga

Malalamiko tunayopokea kutoka ukanda wa miombo, hasa Tabora na Katavi, yanafanana: maua yalikuwa tele, mizinga imetundikwa, asali haikupatikana. Wengi wanadai wameuziwa mizinga mibovu. Mzinga hautengenezi asali, uwe wa gome au wa kisasa.

Nyuki kibarua huchukua takriban siku 21 tangu yai litagwe hadi kutoka kwenye chumba chake, kisha hufanya kazi za ndani kwa wiki mbili hadi tatu. Kwa hiyo watakaobeba mbochi (maji matamu ya maua) mtundu, mti wa miombo, unapochanua ni wale ambao mayai yao yalitagwa wiki tano hadi sita nyuma. Ukitundika mzinga maua yakiwa yameshafunguka, kundi litakaloingia litamalizia mbochi hiyo kujenga masega na kulea majana (watoto wa nyuki). Mzinga uwe umesafishwa, umepakwa nta na kutundikwa miezi miwili kabla.

Tafadhali, mahindi si malisho ya asali. Yanatoa chavua, ambayo hulea majana, lakini hayana mbochi. Alizeti inatoa vyote viwili.

Kwenye mzinga wa viunzi vya juu (fito ambazo nyuki hujengea masega), pima upana wa kiunzi: milimita 32. Ukizidi, nyuki hukatiza masega kutoka kiunzi kimoja hadi kingine, na kila ukaguzi unavunja majana. Vuna sega lililozibwa kwa nta angalau robo tatu. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha. Usiguse majana, na uache masega mawili ya asali kila upande. Anayevuna yote hufukuza kundi lake mwenyewe, kisha analeta malalamiko ofisini.

Kuhusu vibali: kutundika mizinga ndani ya hifadhi ya msitu kunahitaji kibali cha maandishi. Anza na serikali ya kijiji, mwone afisa nyuki wa wilaya, kisha peleka maombi kwa mhifadhi ukitaja eneo na idadi ya mizinga. Kibali cha jirani hakikuhusu. Anayevuna kwa mwenge badala ya bomba la moshi (kifaa cha kufukizia nyuki) na kuunguza msitu anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, yenye faini na kifungo. Na kwa anayetengeneza mizinga ya gome: mtundu uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hukauka, na mbochi yake haipatikani tena msimu unaofuata.